SOMO LA DUKA LA CHAMA: MLINZI, KAMERA NA DAFTARI



Vijana wetu wengi siku hizi hucheza katika kompyuta mchezo wa kuendesha duka. Mchezaji hununua bidhaa, hupanga bei, huajiri mlinzi na kufunga kamera ili wezi wasiibe rafuni. Mchezo huo una mafunzo. Lakini humo kompyuta hutunza hesabu zote bila kukosea. Katika duka la chama hakuna ajuaye kilichopotea mpaka sisi wenyewe tuhesabu. Hilo ndilo somo letu.

1. Mpango wa duka

Waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844, mnunuzi alisimama mbele ya kaunta akapewa alichotaka. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua mjini Memphis, Marekani, duka la Piggly Wiggly, ambamo wateja walijichukulia bidhaa wenyewe. Kununua kukawa kwepesi, na mwizi naye akapata nafasi.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya kamera, Bodi ijiulize kama duka lahitaji kuwa la kujichukulia. Kwa duka la chumba kimoja, kaunta ni ulinzi usiodai mshahara. Hapa Nyakahura, kando ya barabara iendayo Rusumo, wapita njia huingia na kutoka, na muuzaji hawezi kuzijua sura zote. Betri, nyembe na sabuni za kuogea zikae nyuma yake.

2. Kupima upungufu

Tuchukue mfano wa mwezi mmoja, kwa bei ya kuuzia:

Mali ya mwanzo: Sh. 2,400,000
Mali iliyopokewa: Sh. 3,600,000
Jumla: Sh. 6,000,000
Toa mauzo: Sh. 4,100,000
Mali inayopaswa kuwapo: Sh. 1,900,000
Mali iliyohesabiwa: Sh. 1,780,000
Upungufu: Sh. 120,000

Hesabu hii hutuambia kiasi kilichopungua, wala haimtaji mwizi. Huenda ni mteja. Huenda ni muuzaji. Huenda ni sukari iliyopunjwa wakati wa kupokea, bidhaa zilizoharibika, au mkopo usioandikwa.

Katika chama kimoja nilichokikagua, viongozi walimkata mlinzi mshahara miezi miwili kwa sababu ya upungufu. Tulipolinganisha leja na hati za kupokelea mali, sehemu kubwa ya upungufu ilikuwa bidhaa walizochukua viongozi wenyewe kwa mkopo wa mdomo. Mlinzi alikuwa amelipa madeni ya waliomhukumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kumkata mfanyakazi mshahara kwa hasara isiyotokana na kosa lake, wala pasipo kumpa nafasi ya kujitetea.

3. Mlinzi

Ikiwa mlinzi wa mchana analipwa Sh. 300,000 kwa mwezi, katika mfano wetu chama kingepoteza Sh. 180,000 zaidi hata kama angezuia upungufu wote. Mlinzi wa usiku ni jambo jingine, kwani duka likivunjwa mali yote yaweza kwenda.

Kazi ya mlinzi ni kuonekana, kusalimu wateja na kutunza mizigo yao mlangoni. Akimkamata mtu, amkabidhi polisi bila kuchelewa. Asipige, wala asiruhusu umati upige. Mtuhumiwa akiuawa kwa ajili ya kipande cha sabuni, hakuna hesabu itakayoirudisha roho hiyo.

4. Kamera

Kamera hufaa penye mambo matatu: mahali pa fedha, mlango wa kupokelea mali, na pembe ambayo muuzaji haioni. Umeme ukikatika nayo hufumba macho, isipokuwa ina betri. Tena picha zisizotazamwa na mtu ni sawa na barua zisizofunguliwa. Bodi imteue wa kuzitazama kila hesabu ya mali inapoonyesha upungufu.

Kumbukeni pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Picha ya mtu ni taarifa yake. Bandikeni tangazo kwamba kamera ipo, na msisambaze katika simu picha ya mtu anayeshukiwa. Mahali pa ushahidi ni polisi na mahakamani.

5. Utaratibu unaopendekezwa

Kwanza, hesabuni mali kila mwezi, na anayehesabu asiwe muuzaji peke yake. Pili, kila mkopo uandikwe na kutiwa sahihi, hata wa Mwenyekiti. Tatu, mali ipokewe na watu wawili. Nne, upungufu usomwe kwenye Mkutano Mkuu. Baada ya hayo, ikiwa upungufu ungali mkubwa, ndipo fedha za wanachama zitumike kwa mlinzi wa mchana au kamera.

Maswali ya kujadiliana

(a) Upungufu wa duka lenu mwezi uliopita ulikuwa shilingi ngapi? Kama hamjui, kwa nini?
(b) Ni nani kati yenu ana mkopo usioandikwa?
(c) Mlinzi wenu amepewa maelekezo gani juu ya mtu anayekamatwa?

Chama kisichoweza kujibu swali la kwanza hakijafika bado mahali pa kununua kamera.