Bodi Inang'aa, Bampa Lina Madoa: Vidokezo 7 vya Kutoa Nta Kwenye Plastiki ya Gari

Umelipaka gari nta mpaka unajiona kwenye mlango. Jua likipanda, unagundua bampa jeusi na madigadi vina michirizi myeupe, kama mdomo wa mtoto aliyeiba maziwa ya unga.

Rangi ya bodi ni laini, kwa hiyo nta hukaa juu na kufutika. Plastiki isiyopakwa rangi ina vijishimo. Nta huzama humo na ikikauka huwa nyeupe. Kwa hiyo usikimbilie kusugua kwa nguvu. Itoe shimoni taratibu.

1. Anza na sabuni ya vyombo. Tia kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, chukua mswaki wa zamani wenye nywele laini, sugua kwa kuzungusha, kisha suuza. Doa la leo mara nyingi huishia hapa.

2. Lipashe joto. Nta ikipata joto hulainika. Shika draya ya nywele umbali wa shibiri moja na uipitishepitishe bila kuituliza mahali pamoja, maana plastiki nayo hujikunja. Futa papo hapo kwa kitambaa cha maikrofaiba.

3. Tumia kifutio cha penseli. Kinafaa kwa doa dogo na kwenye kona nyembamba. Chagua cheupe; cha rangi kinaweza kuacha doa jingine.

4. Jaribu siagi ya karanga. Usicheke! Mafuta yake hulainisha nta, na chembe za karanga husugua kwa upole. Chagua isiyo na sukari. Ukimaliza, osha kwa sabuni kabla sisimizi hawajapata habari.

5. Doa sugu lipe alkoholi ya isopropili. Ichanganye na maji nusu kwa nusu, ijaribu kwanza mahali palipojificha, kisha futa kwa kitambaa. Isifike kwenye bodi, itaondoa nta uliyotoka kuihangaikia.

6. Petroli, thina na stiliwaya, hapana. Petroli hushika moto upesi, thina inaweza kuyeyusha plastiki, na mkwaruzo wa stiliwaya hautoki. Wala usifunike doa kwa mafuta ya kung'arisha. Mvua mbili tatu zikipita, weupe unarudi. Safisha kwanza, ng'arisha baadaye.

7. Safari ijayo, ziba kabla ya kupaka. Bandika tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, kwenye kila ukingo wa plastiki. Paka kivulini, nta kidogo kidogo, na ikidondokea plastiki ifute ikiwa bado mbichi.

Na kama gari unalipeleka kwa vijana wa kuosha, waambie kabla hawajafungua kopo: nta iishie kwenye rangi.