Hamaki Barabarani: Adabu na Ishara za Mawasiliano katika Msongamano wa Magari Jijini Nairobi

Utangulizi

Makala haya yanachunguza hamaki ya madereva katika barabara za Nairobi kwa jicho la pragmatiki. Nchini Kenya, mjadala kuhusu suala hili aghalabu huelekezwa kwenye sheria na adhabu. Kanuni za mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 na kufahamika na wengi kama sheria za Michuki, ziliyalazimu matatu kufungwa vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama, zikawavisha madereva na makondakta sare. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani nayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Hatua hizo zilihitajika. Hata hivyo, liko swali ambalo sheria haikuundwa kulijibu, na ambalo linamhusu mwanaisimu moja kwa moja: dereva anayetaka kupishwa, kushukuru au kuomba radhi huyasema hayo kwa lugha gani? Inadaiwa hapa kwamba lugha iliyopo barabarani ina njia tele za kudai na kukaripia, ilhali njia zake za kuomba radhi ni haba mno, na kwamba sehemu kubwa ya hamaki hutokana na upungufu huo.

Kwa nini 'hamaki'?

Dhana ya ghasia za madereva ilipata umaarufu nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya visa vya watu kufyatuliana risasi katika barabara kuu za Los Angeles mwaka 1987. Wanaoitafsiri kwa Kiswahili husema 'hasira za barabarani', tafsiri inayoeleweka lakini iliyo pana kupita kiasi. Hasira inaweza kumkaa mtu siku tatu. Ghadhabu ni nzito zaidi, na mara nyingi huhusishwa na mwenye mamlaka au na Mwenyezi Mungu. Hamaki, kwa upande wake, humshika mtu ghafla kabla hajatafakari. Mtu huhamaki, kisha huenda akajutia alichokitenda kabla hajafika mwendo wa mita mia. Kwa mintarafu ya tabia inayojadiliwa hapa, neno hilo ndilo linaloafiki zaidi.

Mwanasosholojia Jack Katz, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu hisia, aliwachunguza madereva wa Los Angeles. Alibaini kuwa kinachowachoma si kule kuzuiwa tu, bali ni ububu: dereva hutendewa jambo na mtu asiyeweza kumsikia, naye hana njia ya kumjibu. Dai hili linashabihiana na nadharia ya uso ya Erving Goffman, iliyoendelezwa na Brown na Levinson katika mjadala wa upole. Kila mzungumzaji ana uso anaotaka uheshimiwe. Kiswahili chenyewe hakikusubiri nadharia hiyo, kwani husemwa kuwa mtu amepewa uso, au ameumbuliwa. Anayekatwa njia huku watu wakitazama huhisi ameumbuliwa, na aliyemkata keshakwenda zake bila kusema lolote.

Inafaa kukumbuka kwamba mji wa Waswahili ulikuwa na neno la kuombea njia. Katika vichochoro vyembamba vya Mji wa Kale wa Mombasa na vya Lamu, hamali aliyebeba mzigo alipaza sauti: "Simile!" Neno hilo huhusishwa na 'bismillahi'. Kwa tamko moja hamali aliomba, alionya na kumstahi anayempisha. Kimapokeo, upole wa Waswahili ni wa sauti: hodi hutangulia mlango, salamu hutangulia haja, samahani hutangulia swali. Gari limechukua nafasi ya hamali bila kurithi tamko lake.

Honi na taa

Badala ya tamko, gari lina honi. Kwa sauti hiyo moja dereva wa Nairobi humsalimu mwenzake, huita abiria, humwonya mtoto anayevuka, humhimiza aliye mbele na kumtukana aliyemkata njia. Urefu wa mlio husaidia kidogo. Mlio mfupi huelekea kuwa wa heri, mrefu wa shari. Lakini msikilizaji hana kiimbo wala sura ya msemaji ya kumwongoza, naye hufasiri kulingana na siku ilivyomwendea.

Isitoshe, honi haitaji mlengwa. Katika mizunguko ya Uhuru Highway, saa za msongamano, mara nyingi polisi huongoza magari kwa mkono hata penye taa, na ishara ya afande huitangua ile ya taa. Dereva wa kwanza anamwona afande aliyenyoosha kiganja, hivyo anasimama. Dereva wa tano hamwoni afande. Anachoona ni taa ya kijani na gari lisilosonga, basi anapiga honi. Wa nne anadhani anakaripiwa yeye. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekosa, na tayari watu wawili wamekwisha kuhamaki.

Taa za mbele ni hatari zaidi. Dereva anayeziwasha na kuzizima anaweza kumaanisha "pita wewe". Anaweza pia kumaanisha "usithubutu, napita mimi". Katika barabara kuu nje ya jiji, ishara iyo hiyo hutoa habari kuwa kuna polisi mbele. Maana mbili za kwanza ni kinyume kabisa, na anayesubiri kuingia barabarani hana budi kuchagua moja kwa muda usiozidi kupepesa macho. Akikosea, halitabaki kuwa suala la adabu.

Kwa upande mwingine, madereva wa malori katika barabara ya Mombasa wamejiundia sarufi yao. Taa ya kugeukia kushoto humwambia aliye nyuma kuwa njia ni nyeupe, aweza kupita. Ile ya kulia humwonya asijaribu. Aliyepita hushukuru kwa kuzimulika taa za hatari mara mbili. Mfumo huu una kasoro zake, kwani taa ya kulia yaweza pia kuwa ya lori linalogeuka kweli, lakini una ombi, jibu na shukrani. Huenda siri yake ni muda. Watu wanaofuatana kwa saa nzima mlimani hupata nafasi ya kujenga uhusiano ambayo wanaopishana mara moja katika mzunguko hawaipati.

Kinywa cha matatu

Jambo la kushangaza ni kwamba chombo kinacholaumiwa zaidi kwa utovu wa adabu ndicho chenye kinywa. Kondakta wa matatu hutoa kichwa na mkono nje, akamtazama dereva wa gari dogo usoni, na kusema: "Mzee, niachie kidogo," au "Mathe, samahani, tunaingia." Aghalabu hupishwa. Sheria inakataza kuning'inia mlangoni, na ni haki ikataze. Hata hivyo, kiisimu, kondakta ametumia vyombo vyote vya upole: kiitwa cha heshima, neno la kupunguza uzito wa ombi, na radhi iliyotangulia kosa. Mwenye gari dogo hana msaidizi huyo. Tena, kwa hofu ya wanyakuzi wa simu, huwa amefunga vioo. Ububu wa Los Angeles hutokana na kasi; magari ya Nairobi mara nyingi yamesimama, na watu wangeweza kusikizana.

Hii haina maana kuwa sauti hutosha. Dereva wa matatu anayepaswa kumpelekea tajiri kiasi maalumu kila jioni, na kubaki na kinachozidi, huhesabu kila dakika kuwa fedha, na radhi ya kondakta wake huenda ikawa ada tupu inayofuatwa na kosa lile lile katika mzunguko ujao. Mnamo Machi 2022, mwanamke aliyekuwa akiendesha gari katika Barabara ya Wangari Maathai alidaiwa kumgonga mwendesha bodaboda, kisha akazingirwa na kushambuliwa na kundi la waendeshaji. Video ya tukio hilo ilisambaa, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako. Waendesha bodaboda hawatenganishwi na mtu yeyote kwa kioo. Wana sauti, na siku hiyo waliitumia kuitana. Hapo uso uliotetewa haukuwa wa mtu mmoja bali wa kundi zima, na nadharia ya Brown na Levinson, iliyojengwa juu ya wazungumzaji wawili, inaelemewa.

Jinsia nayo ina nafasi yake. Viitwa ambavyo kondakta huvitumia kuomba njia hugeuka haraka kuwa silaha: 'mathe' wa ombi huwa 'mama' wa kejeli pindi njia inaponyimwa, na kosa ambalo kwa dereva wa kiume ni uzembe wake binafsi, kwa mwanamke husemwa kuwa ni la wanawake wote.

Msamiati wa makosa yenyewe haujakusanywa vya kutosha. Dar es Salaam wana kitenzi 'kuchomekea' kwa dereva anayejipenyeza kwa nguvu mbele ya mwenziwe. Nairobi husema 'kuovalapu' kwa anayetoka kwenye foleni na kuwapita waliosubiri, au husema tu kwamba mtu 'amenikata'. Vitenzi vyote vitatu vinamtaja mkosaji. Kitenzi cha kumtaja dereva aliyesimama makusudi ili mwingine aingie hakisikiki vituoni wala ndani ya magari, isipokuwa kile cha zamani, 'kupisha', ambacho makondakta bado wanakitumia kila siku.