Kuhesabu Orodha Kubwa kwa Kumbukumbu Ndogo

Mwalimu wa hisabati katika shule za Temeke au Kinondoni hana haja ya kutafuta mbali mfano wa orodha kubwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika Manispaa ya Temeke na 982,328 katika Kinondoni. Nchi nzima ilikuwa na watu 61,741,120. Tuchukulie kwamba kila mtu ameandikwa katika mstari mmoja wenye herufi 100: mtaa, jinsi, umri na mengineyo. Faili la nchi lingezidi herufi bilioni 6, na kompyuta yenye kumbukumbu ya herufi bilioni 4 isingeweza kulibeba lote kwa mara moja.

Wengi hudhani dawa ni kununua mashine kubwa zaidi. Sisi twaona kwamba yafaa kwanza kuuliza: ili kupata jibu hili, ni lazima kukumbuka nini?

Swali hili lafundishika Darasa la Sita bila kompyuta. Mwalimu aandae vipande 200 vya karatasi, kila kimoja kikiwa na jina na umri wa mtu wa kubuni. Mwanafunzi mmoja apewe pembe ya ubao yenye nafasi ya namba mbili tu. Wenzake wamsomee kipande kimoja kimoja na kukitia katika boksi, kilichosomwa hakirudiwi. Idadi ya watu yahitaji namba moja; umri mkubwa kuliko wote, moja; wastani wa umri, mbili, yaani jumla ya miaka na idadi. Vipande viwe 200 au milioni, pembe ile yatosha.

Kisha aulize umri wa mtu aliye katikati, watu wote wakipangwa kwa umri. Hapa pembe haitoshi, na mwalimu asifanye haraka kuokoa jahazi. Aghalabu atatokea mtoto atakayegundua kwamba umri hujirudia: jedwali la vyumba 101, kuanzia 0 hadi 100 na zaidi, likitiwa vijiti, latosha darasa na latosha taifa. Jumla ya vijiti ilingane na vipande vilivyomo bokseni, kwani kipande kilichopotea hakijionyeshi katika jibu.

Majina hayakubali hila hiyo. Vikundi kumi vipange vipande 20 kila kimoja kwa alfabeti. Kisha mtunza orodha atazame kipande cha juu tu cha kila fungu na kuchukua kinachotangulia. Katika madarasa yetu yaliyofurika, kazi hii ina faida nyingine: hakuna anayekaa bure.

Mwanachuo atakayeendelea kwenye kompyuta atambue kwamba ukurasa mmoja wa Excel una mistari 1,048,576. Watu wa Kinondoni wangeenea. Wa Temeke wasingeenea. Programu hutoa onyo na kufungua sehemu ya mwanzo tu, na asiyesoma onyo hilo angepanga madawati ya Temeke huku watu karibu 300,000 wakiwa wamebaki nje ya hesabu.