Mayai ya kambale na dawa ya mildiu

Samaki wakubwa kuwa hai si ushahidi kwamba maji ya bwawa ni salama. Dawa ya mildiu, ule ukungu wa nyanya na viazi, isiyomdhuru kambale mzima inaweza kuharibu mayai yake. Kabare na Nyangezi, karibu na Bukavu, mashamba ya nyanya na viazi yako juu, mabwawa yako chini, na kuanzia Septemba mvua huteremsha yaliyonyunyizwa.

Dawa iliyozoeleka ni mankozebu, ule unga wa manjano. Maabara zilipojaribu dawa za jamii yake kwenye mayai ya samaki, uti wa kiinitete ulijikunja kama wimbi. Mtoto wa namna hiyo haogelei sawasawa. Umoja wa Ulaya ulikataa kuidhinisha upya mankozebu Desemba 2020. Kwetu bado inauzwa, kwa hiyo kinga ni yetu wenyewe.

Kabla ya kutotolesha, chukua mabeseni mawili meupe: moja maji ya chemchemi, jingine maji ya mfereji unaolisha bwawa. Weka kivulini, yawe na joto sawa, kisha tia kila moja kiasi kilekile cha mayai ya jike mmoja. Yai zima hupitisha mwanga na lina ukijani wa kahawia. Lililokufa hugeuka jeupe. Litoe mapema, kuvu isienee. Machache hufa hata kwenye maji safi, ndiyo maana unahitaji beseni la kulinganisha. Kwa baridi ya Bukavu subiri siku mbili au zaidi, kisha tazama kwa lensi: mkia uliopinda, uvimbe wa maji karibu na moyo, mtoto anayezunguka mahali pamoja. Mfereji ukionyesha hayo zaidi kuliko chemchemi, usitotoleshe kwa maji yake.

Halafu mwendee jirani mwenye shamba, kwa heshima, maana naye anaokoa mavuno yake. Mwombe akuambie siku ya kunyunyiza. Funga mlango wa maji mapema, usiufungue mpaka mkondo wa mvua ya kwanza upite. Hasa mwombe asioshe pompi mferejini: hapo dawa inakufikia bila hata kungoja mvua. Maji ya kusuuzia ayanyunyize juu ya mimea ileile, na ukingoni aache ukanda wa nyasi.

Kama unafuga tilapia wa Naili, jike hubeba mayai mdomoni, huwezi kuyakagua hivyo. Majuma ya kunyunyiza, wahamishie majike wa mbegu kwenye bwawa linalolishwa na chemchemi.