Vidokezo 9 vya Kusoma Nota kwa Mwanakwaya wa Buhongwa

Kwaya nyingi hujifunza wimbo mpya kwa njia ileile. Mwalimu anaimba, soprano wanaiga, huku alto, tena na besi wakisubiri zamu yao. Wimbo wa kurasa mbili unaweza kula mazoezi ya wiki nzima. Anayesoma nota hasubiri: anashika karatasi, anatafuta Do ilipo, anaanza. Wala si kipaji cha kuzaliwa nacho. Alama ni chache, na ukizifuata kwa mpangilio zinakaa kichwani.

1. Anzia kwenye sol-fa

Herufi ni saba tu: d, r, m, f, s, l, t, yaani Do, Re, Mi, Fa, Sol, La, Ti. Alama ndogo juu ya herufi (d') inakupeleka juu. Ikiwa chini (s,) unashuka. Mfumo huu uliasisiwa Uingereza na Sarah Glover, John Curwen akauboresha na kuueneza katika karne ya 19, na wamisionari wakausambaza Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini aliyetunga mwaka 1897 wimbo uliotupa tuni ya Mungu Ibariki Afrika, aliandika nyimbo zake kwa herufi hizihizi. Usiidharau sol-fa kwa kuwa haina mistari.

2. Piga makofi kwanza, imba baadaye

Wengi hukimbilia sauti na kusahau mapigo. Tazama mfano huu:

| d : m | s : – | d.r : m | s : |

Mstari wima unafungua na kufunga kipimo. Nukta mbili zinatenganisha pigo na pigo, kwa hiyo kila kipimo hapa kina mapigo mawili. Kistari kinasema shikilia: s ya kwanza inaimbwa mapigo mawili. Nukta moja katikati ya d na r inagawa pigo nusu kwa nusu. Mwishoni, baada ya s, pana nafasi tupu: hapo nyamaza pigo zima. Piga makofi mstari wote, kisha tamka majina bila tuni, ndipo uimbe.

3. Chunga Mi–Fa na Ti–Do

Kutoka Mi kwenda Fa, na kutoka Ti kwenda Do, hatua ni fupi: nusu toni. Nyingine zote ni toni nzima. Kwaya inapoimba bila kinanda na kujikuta imeshuka, chunguza hapa kwanza. Panda na shuka ngazi nzima kila siku, polepole, ukisimama kidogo kwenye hatua hizo mbili.

4. Sasa ingia kwenye stafu

Stafu ina mistari mitano na nafasi nne, na huhesabiwa kutoka chini. Alama kubwa iliyojiviringa mwanzoni ni ufunguo wa G: tumbo lake linazunguka mstari wa pili, na nota inayokaa hapo ni G. Ufunguo wa besi una nukta mbili zinazobana mstari wa nne. Hapo ni F. Kutoka hapo hesabu tu: kila mstari na kila nafasi ni hatua moja. Ukiwa mwimbaji wa sauti ya tena na ukaona tarakimu 8 chini ya ufunguo wa G, sauti yako iko oktava moja chini ya inavyoandikwa.

5. Itafute Do kwa shapu na flati

Hiki ndicho kidokezo kinachookoa watu wengi. Do haina makazi ya kudumu. Inahama kulingana na shapu (♯) au flati (♭) zilizopangwa baada ya ufunguo. Kwa nyimbo za meja, kanuni ni hii:

- Hakuna shapu wala flati: Do ni C.
- Zipo shapu: ya mwisho kulia ni Ti, hivyo Do iko hatua moja juu yake.
- Zipo flati: ya mwisho kulia ni Fa. Zikiwa mbili au zaidi, ile iliyo kabla ya mwisho ndiyo Do. Ikiwa moja tu, Do ni F.

Ukishaipata Do, sol-fa yote uliyojifunza inahamia kwenye mistari.

6. Urefu usome kwenye umbo

Katika wimbo wa 4/4, duara tupu (semibrevi) ni mapigo manne. Likipata kijiti (minimu) ni mawili. Likijazwa weusi (krocheti) ni moja. Likiongezwa mkia (kweva) ni nusu. Nukta pembeni mwa nota huongeza nusu ya urefu wake: minimu yenye nukta ni mapigo matatu. Angalia usichanganye: kwenye sol-fa nukta inagawa pigo, kwenye stafu inaongeza urefu.

7. Izoee 6/8

Nyimbo nyingi za kanisani kwetu, hasa zile za kuchezea, ziko katika 6/8. Usihesabu hadi sita; utachoka na wimbo utakufa. Hesabu mapigo mawili, kila moja likiwa na vipande vitatu ndani: MOJA-na-na, MBILI-na-na. Hapa pigo moja ni krocheti yenye nukta. Tembea huku ukihesabu, mguu mmoja kwa kila pigo.

8. Fuata alama za njia

Kabla hujaimba, pitisha macho ukurasa wote. Mistari miwili wima yenye nukta ni marudio. D.C. inakurudisha mwanzo, na Fine ndipo pa kumalizia. Upinde mdogo wenye nukta juu ya nota: shikilia hadi mwalimu aachilie. Herufi p ni imba kwa sauti ndogo, f ni kwa nguvu. Ziwekee alama kwa penseli.

9. Soma kidogo, soma kila siku

Dakika kumi kila siku zinafaa kuliko saa mbili za Jumamosi. Daladala ya kutoka Buhongwa kwenda mjini Mwanza inapita Mkolani, Nyegezi na Butimba: toa karatasi, gonga mapigo pajani, taja majina ya nota kimyakimya. Nyumbani, programu ya kinanda kwenye simu itakuhakikishia kama Sol yako ni Sol kweli. Ukikwama, tafuta mwalimu. Chuo cha Ualimu Butimba, kilicho njia hiyohiyo, kina historia ndefu ya kuandaa walimu wa sanaa, muziki ukiwemo.

Kisha mwombe mwalimu wa kwaya yako jambo moja: wimbo mpya ukigawiwa, awape dakika tano za kuusoma wenyewe kabla hajaimba. Mwanzoni mtapata vipimo viwili vitatu. Msivunjike moyo. Kwaya yenye wasomaji wanne, mmoja katika kila sauti, inajifunza nyimbo nyingi zaidi, na mwalimu akisafiri mazoezi hayasimami.