Funzo la Tris: Kizuia-moto Katika Nguo za Watoto

Vitambaa vyepesi hushika moto upesi, na mtoto mdogo ambaye nguo yake imewaka hana uwezo wa kujiokoa. Kwa sababu hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Marekani iliweka kanuni iliyotaka nguo za kulalia watoto zisiendelee kuwaka baada ya kuondolewa kwenye mwali. Lengo la kanuni hiyo lilikuwa jema. Ili kuitimiza, viwanda vingi vilitia katika vitambaa, hasa vya poliesta, kemikali iliyojulikana kwa kifupi kama Tris. Makala haya yanaeleza jinsi kemikali hiyo ilivyofanya kazi na jinsi hatari yake ilivyogunduliwa.

Jinsi kizuia-moto kinavyofanya kazi

Mwali wa moto ni mfululizo wa mabadiliko ya kikemikali. Joto huvunja molekuli za kitambaa kuwa gesi, nazo gesi hizo huungana na oksijeni ya hewani. Muungano huo huendelezwa na vipande vya molekuli viitwavyo radikali, hasa H na OH, ambavyo huungana kwa urahisi sana na vitu vingine. Kila radikali huzaa nyingine, na moto huendelea.

Kemikali yenye bromini hukatiza mfululizo huo. Ikipata joto, huachilia bromidi ya haidrojeni, ambayo huzinasa radikali:

H + HBr → H2 + Br
OH + HBr → H2O + Br

Atomi za bromini zinazobaki si kali kama radikali zilizotoweka. Kwa hiyo mwali hufifia.

Hata hivyo, Tris haikuungana kikemikali na nyuzi za poliesta. Ilikaa tu ndani na juu ya nyuzi, na kiasi chake kilifikia takribani asilimia 5 ya uzito wa kitambaa au zaidi. Kitu kilichokaa hivyo huweza kutoka kwa kufuliwa, kupenya ngozini, au kuingia kinywani mtoto anyonyapo nguo yake.

Kipimo cha bakteria

Bruce Ames, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alikuwa amebuni kipimo rahisi cha kutambua kemikali zinazobadili jeni. Kipimo hicho hutumia bakteria wa jamii ya Salmonella ambao hawawezi kujitengenezea histidini, kitu wanachokihitaji ili wakue. Wakiwekwa mahali pasipo na histidini ya kutosha, wachache sana hukua. Lakini kemikali ikizibadili jeni zao, baadhi yao huurudia uwezo uliopotea, nao hukua wakawa makundi yanayohesabika kwa macho. Kadiri makundi yanavyokuwa mengi, ndivyo kemikali inavyotiliwa shaka zaidi.

Mwezi Januari 1977, Arlene Blum na Ames walieleza katika jarida la Science kwamba Tris huzibadili jeni za bakteria. Majaribio ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani yalionyesha pia kwamba Tris husababisha saratani katika panya. Mwezi Aprili mwaka huo huo, tume ya serikali ya usalama wa bidhaa ilipiga marufuku nguo za watoto zilizotiwa Tris. Mwaka 1978 utafiti mwingine ulikuta katika mkojo wa watoto waliovaa nguo hizo kitu kitokanacho na Tris. Ikawa dhahiri kwamba kemikali ilikuwa imeingia mwilini.

Ndugu wa Tris

Badala ya Tris, ilitumiwa TDCPP, ambayo ina klorini mahali pa bromini. Mwaka 1978 hiyo nayo ilionekana kubadili jeni za bakteria, ikaondolewa katika nguo za kulalia. Lakini haikutoweka. Iliendelea kutiwa katika sponji ya makochi na vifaa vingine. Mwaka 2011, wataalamu waliochunguza sampuli 101 za sponji ya bidhaa za watoto wachanga nchini Marekani waliikuta mara nyingi kuliko kizuia-moto kingine chochote.

Vizuia-moto vingine, viitwavyo PBDE, huduma katika mazingira na kujilimbikiza katika mafuta ya wanyama na wanadamu. Mkataba wa Stockholm uliziorodhesha baadhi yake mwaka 2009 na nyingine mwaka 2017 ili zikomeshwe. Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Kwa kuwa kemikali hizo zimo katika makasha ya plastiki ya televisheni na kompyuta nyingi za zamani, haifai kuyachoma ovyo: moshi wake huweza kuwa na dioksini zenye sumu kali.

Hitimisho

Hatari ya moto ni ya kweli, na kuikinga ni wajibu. Kosa lilikuwa kupima jambo moja tu, yaani kama kitambaa kinawaka, pasipo kupima kemikali inafanya nini ikiingia mwilini. Aidha, kubadili kemikali moja kwa ndugu yake si dawa, maana vitu vyenye umbo linalofanana mara nyingi hutenda yanayofanana.

Maswali

1. Fomula ya Tris ni C9H15Br6O4P. Tafuta asilimia ya bromini katika uzito wake. (C = 12, H = 1, Br = 80, O = 16, P = 31)
2. Kwa nini kemikali isiyoungana na nyuzi ni ya hatari zaidi kwa mvaaji?
3. Taja njia mbili za kuwakinga watoto na moto nyumbani pasipo kutumia kemikali.