SOMO: KICHWA KIZITO NA MAJANI MABICHI

Kwa nini kichwa kilichochoka na masomo kinapumua kidogo mtu akitoka nje?

Mwaka 1984 mtaalamu Roger Ulrich wa Marekani aliandika juu ya wagonjwa 46 waliopasuliwa katika lopitali moja ya Pennsylvania. 23 walilala penye dirisha linaloangalia miti. 23 wengine waliona ukuta wa matofali tu. Wale wa miti walirudi nyumbani mapema zaidi, tena walitumia dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Na hawakugusa hata jani moja!

Lakini mtu wa Lusangi atacheka: «Siye tunalima kila siku, mbona huzuni haiishe?» Ana haki. Kulima na njaa si kupumzika. Tena kwetu pori si la raha tu. Katika vita vya 1996 na 1998 watu wengi walikimbilia humo, wakalala kwenye mvua, na fujo zilirudi nyuma ya hapo. Basi rafiki anayeshituka akisikia tawi kuvunjika, musimpeleke mwituni kwa nguvu. Aanzie karibu: kukaa chini ya muembe, ao kumwagilia lengalenga asubuhi, pamoja na mwenzake asiyemuuliza maulizo mingi.

Na yule asiyepata usingizi siku nyingi, ao anayesema afazali afe, kwake majani hayatoshi. Musimwache peke yake. Mwalimu na watu wa kituo cha afya waelezwe siku ileile.